Mshenga wa Mivanila

Jina alilopewa na wazazi wake lilikuwa limesahaulika kiasi kwamba akiitwa kwalo kwenye dirisha la zahanati, yeye mwenyewe alikawia kuitika. Watu wote walimwita Mshenga, na wala hakuwahi kumpelekea mtu posa maishani mwake. Kazi yake ilikuwa kuozesha maua ya vanila.

Bwana shamba, kijana wa kalamu tatu mfukoni na viatu visivyojua tope, hakulipenda neno hilo. "Jamani, semeni kuchavusha," aliwasihi kila mkutano. "Kuozesha ni kuharibu. Kinachoozeshwa ni nyanya." Wanawake walimwitikia ndiyo, bwana, kisha wakarudi shambani kuozesha kama kawaida. Kwao neno lilikuwa na milango miwili, kuoza kwa nyanya na kuozwa kwa binti, na mwenye akili alijua kila mara umefunguliwa upi. Aliyekuja kuichanganya milango hiyo ni Mshenga mwenyewe, tena katika umri ambao mtu hana tena wa kumsingizia.

Neno hilo alilikuta kwa mama mkwe wake. Alifika katika nyumba ile akiwa na miaka kumi na mitano, baba yake amemwoza kwa mtu mzima mwenye masharubu, na begi lake la shule ndilo lililobeba nguo zake zote za bi harusi. Dada wa mume, ambaye ndoa yake ilikuwa imevunjika na amerudi kwao na godoro lake, alimtazama bi harusi huyo kutoka utosini hadi vidoleni, kisha akamgeukia mama yake mbele ya wageni wote.

"Mama, huyu mmeletewa mke au mmeletewa mtoto wa kulea?"

"Nyamaza, wewe."

"Sinyamazi. Huyu bado mtoto."

Jioni ile wifi akalibeba godoro lake, akalitandika chumbani kwa bi harusi, akafunga komeo. Kaka mtu alinuna, akasema nyumba hii siku hizi inaongozwa na waliofukuzwa kwa waume zao. Wifi akamjibu kutoka ndani, "Kanune nje, kuna hewa." Alilala chumba hicho miaka miwili na ushee. Wengine wamepata wifi wa kuwasengenya. Mshenga alipata wifi wa kumlindia mlango. Hili lishike vizuri, maana ndilo lililokuja kumtafuna.

Katika miaka hiyo miwili alikuwa akimfuata mama mkwe shambani, na huko akasoma kuliko alivyosoma shule. Mama mkwe alikuwa mtu wa maneno mengi na mikono myepesi, na kwake kila mmea ulikuwa na tabia zake za ndoa.

"Mahindi hayana haya," alikuwa akisema. "Dume limekaa juu kileleni, linamwaga unga wake, upepo unaubeba, na kila gunzi lenye ndevu linapokea wa kwake. Ndoa ya upepo hiyo, baba wa mtoto hajulikani. Boga lina ua dume na ua jike mbalimbali, na nyuki ndiye mshenga wao, analipwa asali. Mpapai, dume ni mti wake na jike ni mti wake. Ukimkata dume kwa kuwa hazai, utakaa na majike yako mnatazamana. Ndizi za porini zina popo. Maharage sasa, maharage yanaoana humo humo ndani ya ua kabla halijafunguka, mlango umefungwa, hayataki mgeni wala mchango wa harusi."

"Na vanila, mama?"

"Vanila maskini. Mume na mke wako chumba kimoja, wametengwa na pazia. Nyuki wake wa kumfunulia pazia alibaki huko vanila ilikotoka. Ndiyo maana Mungu amekupa kidole gumba."

Basi akamwonyesha. Ua la vanila hufunguka alfajiri, rangi ya krimu yenye kijani kidogo, na ikifika saa tano limeanza kulegea. Halina kesho. Unalishika kwa mkono wa kushoto, unachana mdomo wake kidogo, unachukua mwiba wa mlimau na kuinua kile kijiutando kilicho katikati, kisha kwa gumba unausukuma unga wa chavua kwenye unyevu wake. Kufumba na kufumbua, ndoa imefungwa. Ua lililoozeshwa hunyauka likiwa limeshikilia shadani, na nyuma yake ganda hurefuka. Lisiloozeshwa huanguka kesho yake kama mtu aliyekatiwa tamaa.

Sheria za mama mkwe zilikuwa tatu. Ya kwanza: usiozeshe maua yote ya shada, chukua manane ya upande wa chini, mengine yaache yaanguke, maana mvanila ukibebeshwa mimba nyingi hujimaliza kuzilisha na kufa. Ya pili: mche mchanga hauozwi, hata ukitoa maua, uvunje mashada yake mpaka ukomae. Hapo mama mkwe alikuwa akikohoa kidogo na kutazama pembeni, na mkwe wake naye alijifanya hakuona. Ya tatu: chini ya mvanila hapafagiwi. Mizizi yake imelala juu juu, na majani makavu ndiyo blanketi lake.

Miaka ikaenda. Mama mkwe akafariki, mume akafuata, watoto wakakua na kutawanyika kila mmoja na lake. Shamba likagawanywa bila ugomvi: sehemu ya juu ya Mshenga, sehemu ya chini ya wifi, katikati ua wa michongoma wenye mwanya wa kupita mtu mmoja na sufuria yake. Mshenga akawa na mkono ambao hakuna aliyeufikia. Watu walisema akipita na mwiba wake asubuhi, kati ya maua mia hupoteza mawili, na hayo mawili yalikuwa na kasoro zao.

Kisha macho ya wifi yakaanza kuingia ukungu. Mtoto wa jicho, wakasema, kote kuwili. Tarehe ya upasuaji ikatoka, na kama ilivyo kawaida ya tarehe kutokuwa na adabu, ikaangukia katikati ya msimu wa maua. Angekaa kwa binti yake karibu na hospitali majuma matatu.

"Maua yangu nakuachia wewe," alisema wifi, amesimama kwenye mwanya wa michongoma, uso ameuelekeza mahali ambapo Mshenga hakuwapo. "Kule chini ndiko ninakokula mwaka mzima, unajua. Nikipoteza msimu huu sina pengine."

"Wifi, unaniambia mimi? Nenda kwa amani. Utakuta yameshika mpaka ushangae."

Siku tano za mwanzo alitimiza. Alfajiri alianza juu kwake, akashuka kwa wifi, na saa nne na nusu alikuwa amemaliza kote. Siku ya sita bwana shamba akaja na gari. Shamba kubwa la upande wa pili lilikuwa limepokea wanafunzi na wageni wa kujifunza vanila, na walitaka mtu wa kuwafundisha kwa vitendo, asubuhi kumi mfululizo.

"Ni wewe tu, mama. Nimewaambia kuna mwanamke hapa ana mkono wa ajabu."

Gari lingempitia saa moja kasoro. Mshenga alipiga hesabu yake upesi: akiwahi, kwake atamaliza kabla ya gari. Kwa wifi, basi, kesho. Hakuna aliyemlazimisha, wala njaa haikuwa nyumbani, wala mtoto hakuwa mgonjwa. Ningependa kumtafutia kisingizio, lakini yeye mwenyewe baadaye alikitafuta asikipate. Alikwenda kwa sababu alisifiwa, na mgema akisifiwa tembo hulitia maji.

Walimpa fulana nyeupe iliyoandikwa MKUFUNZI mgongoni. Walimzunguka na simu zao kumpiga picha za mikono. Msichana mmoja alimwomba arudie taratibu, akarudia, watu wakapiga makofi, kwa kazi ambayo amekuwa akiifanya miaka arobaini huku mpiga makofi wake wa pekee akiwa jogoo. Alipoulizwa siri yake ni nini, alijisikia akisema, "Ni kuliheshimu ua. Ua halina kesho." Wageni wakaandika. Hapo hapo moyo ulimpiga kibao, akakohoa, akaomba maji. Ilikuwa siku ya nne. Lakini siku ya tano gari lilipopiga honi, alipanda.

Siku ya kumi mafunzo yakaisha. Alishuka shambani kwa wifi mchana, bado amevaa fulana, akasimama mwanzo wa mstari wa kwanza. Chini kila mahali palikuwa na maua. Mengine ya jana, mengine yalikuwa yamekuwa kahawia na kushikamana na majani. Asubuhi kumi za kilele cha msimu, na juu mashada yamebaki vijiti vitupu na vichipukizi vichache vya mwisho.

Alikaa chini. "Nimefanya nini mimi," alisema kwa sauti. Alimkumbuka wifi akielekeza uso mahali pasipo na mtu. Halafu aibu ikageuka woga, na woga ni mshauri mbaya. Alikwenda akachukua ufagio, yeye Mshenga, mwanafunzi wa yule mama, akafagia chini ya mivanila yote sitini. Alikusanya maua pamoja na majani, akayamwaga kwenye shimo nyuma ya choo, akatupia udongo juu.

Siku zilizobaki aliozesha kama mtu aliyerogwa. Kila ua lililofunguka, la chini na la juu, manane au kumi na manane, hakuangalia. Mashada ya mwisho yaliyo dhaifu, ambayo hukatwa, akayaozesha. Na mwishoni kabisa mwa shamba kulikuwa na mistari mifupi ya miche kumi na moja ambayo wifi aliipanda mwaka juzi. Msimu huu ndio ilikuwa imetoa maua kwa mara ya kwanza. Mshenga alisimama mbele yake na mwiba mkononi. Kisha akaiozesha yote.

Wifi alirudi na miwani myeusi, ameshika mkono wa binti yake, na siku tatu baadaye alikuwa akitembea peke yake. Alizunguka shamba lake taratibu. Mshenga alikuwa upande wa pili wa michongoma akijifanya anachambua mboga, masikio yote yako kule.

"Wifi!"

"Abee."

"Yameshika! Mpaka miche midogo!"

"Msimu ulikuwa mzuri," alisema Mshenga, akainamia mboga zake.

Tangu siku hiyo sifa hazikukatika. Wifi alimsifu kisimani, alimsifu dukani. Kwenye mkutano wa wakulima alisimama, akavua miwani, akasema, "Nilikwenda kipofu nikaliacha shamba langu mkononi mwa wifi yangu. Nimerudi ninaona, na nilichokiona nimekiona. Simameni kumheshimu mtu huyu." Watu wakasimama. Bwana shamba akapiga makofi mpaka kalamu ikaanguka. Mshenga alitazama vidole vyake vya miguu. Aliona angefurahi zaidi kama wangemrushia mawe, angalau angejua pa kujikinga.

Nyumbani chakula kilimshinda. Ile fulana aliikata, akawa anaepulia sufuria, na kila akiepua aliliona neno MKU limebaki, akaigeuza. Usiku alihesabu mashada badala ya kulala. Zaidi ya yote alikuwa akiitazama ile miche kumi na moja kupitia michongoma. Vijiganda vyake vilikuwa vinarefuka, vinene, vya kijani, na majani yalikuwa yanaanza kukunjamana na kupauka. Mche ulikuwa unajila wenyewe ili ulishe watoto. Alijua dawa: kukata maganda mapema, kuirudishia mizizi majani yake. Lakini kukata ni kusema.

Wifi naye alikuwa na mtindo mpya. Jioni alikuja kwenye mwanya wa michongoma na kikombe chake cha chai, akanywa amesimama.

"Wifi, huna neno?"

"Sina, wifi. Neno gani?"

"Naona umekonda."

"Ni uzee."

"Haya. Mwiba wa kujidunga hauambiwi pole," alisema wifi siku moja, akamwaga masalio ya chai, akaondoka. Mshenga alibaki akijiuliza kama hiyo ilikuwa methali tu au ilikuwa na anwani.

Juma la sita wifi alikuwa na miadi ya kuonyesha macho hospitali. Mshenga alimwona akipita na mkoba asubuhi mapema kuelekea barabarani. Alisubiri kidogo, akachukua mkasi na kikapu, akapita mwanya. Alikuwa amepanga: atapunguza hapa na pale, kila shada kidogo, na miche midogo ataivua yote, halafu atasema wezi. Wezi wa vanila wapo, kila mtu anajua. Hata katika kutubu alikuwa na uongo mkononi, akiushika kama mwavuli.

Alianza na mche wa kwanza kati ya ile kumi na moja. Alikuwa amekata maganda manne aliposikia mtu akivuta kigoda.

Wifi alikuwa ameketi mwisho wa mstari, mkoba mapajani.

"Nimesahau kadi," alisema. Kadi yenyewe ilikuwa imetokeza mfukoni mwa mkoba, wote wawili waliiona.

Mshenga alisimama na ganda la kijani kiganjani. "Wifi, nilikuwa… kuna maganda yameanza kuoza, nikaona nikutolee."

"Yameoza?"

Lilikuwa swali dogo. Mshenga alifungua mdomo kusema ndiyo, lakini ganda lile mkononi mwake lilikuwa bichi, gumu, halina doa.

"Nimeyaozesha mimi," alisema. Akaanza kulia, na kwa kuwa alikuwa ameanza, akayamwaga yote: gari, fulana, makofi, asubuhi kumi, ufagio, shimo nyuma ya choo. Hakujipunguzia. Alisema hata kwamba mivanila yake mwenyewe hakuiruka hata siku moja.

Wifi alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Hilo la mivanila yako nilikuwa silijui. Mengine niliyajua."

"Uliyajua?"

"Daktari alinikataza kuinama. Kwa hiyo siku ya kwanza nilisimama pale nikatazama chini kwa macho mapya. Pamefagiwa kama uani kwa mwenye wageni. Nikajiuliza, nani amefagia chini ya mvanila, na alikuwa anaficha nini? Mama angefufuka akupige."

"Mbona ulinisifu?"

"Ili ikuchome. Nikasema, nikimsifu leo atasema. Nikakusifu mbele ya watu, nikasema sasa atasema. Majuma sita, wifi. Ulimi ulinichoka mimi, wewe kimya. Mficha uchi hazai, hujui?" Sauti yake haikuwa kali, ilikuwa imechoka. "Maua ningekusamehe siku ileile. Ungenililia nikakutukana, tukanywa chai. Ua likianguka, mwakani linakuja jingine. Lakini hii midogo."

Mshenga aliliweka ganda kikapuni.

"Ulikuja kwetu na miaka mingapi?"

"Wifi, nakuomba."

"Nimekuuliza."

"Kumi na mitano."

"Na ulijua ni nini. Kuliko mtu yeyote kijiji kizima, wewe ulijua ni nini."

Jua lilikuwa limepanda juu ya miti. Wifi alivua miwani yake myeusi, akaifuta kwa upindo wa khanga, ingawa haikuwa na vumbi. Macho yake yalikuwa mekundu bado kwa dawa, lakini safari hii yalimtazama Mshenga mahali alipo hasa.

"Mimi siwezi kuinama," alisema. "Anza na huo. Kata yote, usibakize hata moja. Ukimaliza ukalete majani uifunike."

Mshenga alipiga magoti. Mche ule ulikuwa mwembamba kuliko kidole chake, umejikunja kwenye mti wake wa kuegemea, na maganda yalikuwa yameuvuta chini. Alilishika shada la kwanza kwa nguvu mno, bua likalia.

"Taratibu," alisema wifi kutoka kwenye kigoda. "Huyu bado mtoto."